Kuanzisha blogu: Anwani kwanza, mapambo baadaye

ANAYEJENGA nyumba huanza kwa kutafuta kiwanja na hatimiliki, ndipo afikirie rangi ya kuta. Katika ujenzi wa blogu, wengi hufuata utaratibu wa kinyume. Humaliza wiki nzima wakilinganisha violezo na kubadilisha rangi, ilhali anwani waliichagua kwa dakika moja, na hawana nakala hata moja ya yale waliyoyaandika.

Makala haya yanamlenga mtu anayetaka kuanzisha blogu yake ya kwanza, awe mwanafunzi, mkulima, mshairi au mstaafu. Hoja kuu ni nyepesi kueleza ingawa ni wachache wanaoizingatia: sura ya blogu yaweza kubadilishwa kwa jioni moja, lakini anwani iliyopotea na maandishi yaliyofutika ni vigumu mno kuyarejesha. Na hiyo sura yenyewe, wakati wa kuichagua utakapowadia, haina budi kumfaa kwanza msomaji mwenye rununu ndogo na bando la kuhesabu.

Chimbuko la blogu

Blogu ni tovuti ambayo maandishi yake hupangwa kwa tarehe, yaliyo mapya yakitangulia. Kila andiko huwa na anwani yake, na aghalabu msomaji hupewa nafasi ya kutoa maoni chini yake. Neno lenyewe lina historia fupi. Mmarekani Jorn Barger alilitumia neno 'weblog' Desemba 1997 kwa maana ya daftari la kumbukumbu za mtandaoni. Mwaka wa 1999 Peter Merholz, kwa mzaha, akalikata na kupata 'blog'. Wasemaji wa Kiswahili wakalitia irabu mwishoni, likawa blogu.

Mwezi Agosti mwaka huo wa 1999, kampuni ndogo ya Pyra Labs ilizindua Blogger, huduma iliyomwezesha mtu asiyejua lolote kuhusu lugha za tarakilishi kuchapisha maandishi yake. Google iliinunua kampuni hiyo mnamo 2003. Mei 27, 2003, Matt Mullenweg na Mike Little walitoa toleo la kwanza la WordPress, programu huru ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha bila malipo.

Afrika Mashariki haikuchelewa. Ndesanjo Macha wa Tanzania, kupitia Jikomboe, alikuwa miongoni mwa watangulizi wa blogu za Kiswahili, na mpiga picha Issa Michuzi alianza yake mwaka wa 2005. Humu nchini, Ory Okolloh aliandika katika Kenyan Pundit. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, blogu hiyo iligeuka kuwa mahali pa kupashana habari. Ni humo, Januari 2008, alimotoa wazo la kuonyesha matukio ya vurugu kwenye ramani. Wazo hilo ndilo lililozaa Ushahidi, jukwaa ambalo baadaye lilitumiwa katika mataifa mengi. Hakuna anayezikumbuka blogu hizo kwa sababu ya urembo wa kurasa zake. Zinakumbukwa kwa yaliyoandikwa ndani yake.

Kusudi na msomaji

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, andika kwenye karatasi sentensi mbili: ya kwanza ieleze utaandika kuhusu nini, na ya pili imtaje unayemwandikia. Sentensi hizi zitakuamulia mengi, yakiwamo ambayo mwanzoni yanaonekana kuwa ya usanifu tu.

Tuchukulie mfano wa mwalimu mstaafu anayeishi Voi, ambaye anataka kuchapisha mashairi yake pamoja na historia ya mji na reli. Wasomaji wake ni wanafunzi wa shule za upili, walimu wenzake, na wenyeji wa Taita Taveta waliotawanyika Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Wengi watamsoma kwenye simu, wakiwa matatuni au kwenye foleni. Mwalimu huyu hahitaji ukurasa wa mbele wenye picha tano zinazopishana kama sinema. Anahitaji herufi zinazosomeka, orodha nzuri ya mada, na njia ya kumwezesha mwanafunzi kulipata shairi la mwaka juzi.

Mpiga picha za harusi ana haja tofauti. Kwake picha ndizo bidhaa, na kiolezo chenye picha kubwa kinamfaa. Mwandishi wa mapishi naye anahitaji kiolezo kinachoweza kuonyesha orodha ya viambato bila kuivuruga. Ndiyo maana kumuuliza mwenzako kiolezo kipi ni kizuri hakukusaidii sana. Muulize kiolezo kipi kinafaa kazi yako.

Kuchagua jukwaa

Kwa anayeanza, njia zilizozoeleka ni tatu.

Ya kwanza ni Blogger. Ni ya bure, haikomoi anayeanza, na anayemiliki akaunti ya Google anaweza kuwa na blogu katika muda wa nusu saa. Anwani yake ya bure huishia kwa blogspot.com. Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba Blogger humruhusu mwenye blogu kutumia anwani yake mwenyewe aliyoinunua kwingine, bila kumtoza ada ya ziada. Upungufu wake ni uchache wa violezo na kwamba huduma yenyewe haijafanyiwa mabadiliko mengi kwa miaka kadhaa.

Ya pili ni WordPress.com, huduma iliyofunguliwa mwaka wa 2005 na inayoendeshwa na kampuni ya Automattic. Ina violezo vingi na zana bora za kuandikia. Hata hivyo, blogu ya bure huonyeshwa matangazo ya kampuni, na anayetaka kutumia anwani yake binafsi hulazimika kulipia.

Ya tatu ni kuchukua ile programu huru ya WordPress na kuiweka kwenye seva unayokodi kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti. Hapa wewe ndiwe mwenye nyumba, lakini paa likivuja ni lako pia. Utawajibika kusasisha programu, kuzuia wadukuzi na kulipa kodi ya seva kila mwaka. Kwa mtu asiye na mazoea ya kazi hiyo, ni busara kuanza na njia ya kwanza au ya pili, kisha kuhama baadaye.

Uwezekano huo wa kuhama ndio kipimo cha kwanza cha jukwaa lolote. Kabla ya kujiandikisha, uliza iwapo jukwaa litakuruhusu kuondoka na maandishi yako yote. Si swali la bure. GeoCities, iliyokuwa na mamilioni ya kurasa za watu binafsi, ilifungwa na Yahoo mwaka wa 2009. Vox ilifungwa mwaka wa 2010. Posterous ilinunuliwa na Twitter mwaka wa 2012, na kufikia mwisho wa Aprili 2013 ilikuwa imefunga milango. Typepad, iliyoanza mwaka wa 2003, iliwaaga wateja wake Septemba 2025. Katika kila tukio, waliokuwa na nakala walihamia kwingine, na waliokosa walipoteza kazi ya miaka.

Anwani ni hatimiliki

Anwani ya bure ni kama chumba cha kupanga. Unaweza kukipamba upendavyo, lakini jina lililo mlangoni ni la mwenye nyumba. Ukihama, kila kiungo kilichowekwa na wengine, kila anwani iliyonakiliwa vitabuni na kila matokeo ya utafutaji humwelekeza msomaji kwenye mlango uliofungwa. Hata ndani ya Blogger yenyewe, ukibadilisha jina lililotangulia blogspot.com, viungo vya zamani havitamfikisha msomaji kwenye makazi mapya.

Dawa yake ni kununua anwani yako binafsi mapema, hata kama blogu yenyewe inahifadhiwa bure. Kwa hapa Kenya, anwani zinazoishia kwa .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, na huuzwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa. Zimegawanywa kwa matumizi: .co.ke ni ya kampuni, .or.ke ni ya mashirika yasiyo ya kibiashara, .ac.ke ni ya vyuo, na .me.ke ilitengwa kwa ajili ya watu binafsi. Tangu mwaka wa 2017 mtu anaweza pia kusajili jina linalofuatwa na .ke pekee.

Zingatia mambo manne. Kwanza, chagua jina fupi linaloweza kutamkwa kwa simu na kuandikwa na asiyekuona. Epuka vistari na tarakimu. Pili, usifunge jina kwa jambo litakalopitwa na wakati. Blogu iliyopewa jina la darasa au la kazi ya sasa itakuaibisha baada ya miaka mitano. Tatu, hakikisha anwani imesajiliwa kwa jina lako na kwa baruapepe yako. Si ajabu kijana aliyelipwa kutengeneza tovuti kuisajili kwa jina lake mwenyewe, na siku wakikosana, mwenye blogu akajikuta mgeni nyumbani kwake. Nne, anwani hukodishwa kwa muda maalumu, kwa kawaida mwaka mmoja. Usipoilipia kwa wakati, mwingine ana haki ya kuinunua.

Hali kadhalika, amua mapema jinsi anwani za makala zitakavyoonekana. Blogger huweka mwaka na mwezi ndani ya anwani ya kila makala. WordPress hukuachia uchague mpangilio. Fanya hivyo kabla ya kuchapisha makala ya kwanza, kisha usiuguse tena.

Sura si maandishi

Sasa tufikie usanifu. Ili kuelewa ni kwa nini hupaswi kuuhofia, ni muhimu kujua kwamba wavuti wa kisasa umetenganisha maandishi na sura yake. Kazi hiyo hufanywa na lugha ya mitindo iitwayo CSS, ambayo shirika la W3C liliidhinisha Desemba 1996. Maandishi hukaa katika faili moja, na maagizo kuhusu rangi, herufi na nafasi hukaa katika faili nyingine.

Mwaka wa 2003 msanifu wa Canada, Dave Shea, alilithibitisha hilo kwa njia ya kuvutia. Katika tovuti ya CSS Zen Garden aliweka ukurasa mmoja wa maandishi, akawaalika wasanifu kutuma faili za mitindo tu, bila kubadilisha hata neno. Ukurasa ule ule ukaonekana kama bango la sinema, mara kama bustani, mara kama gazeti kuukuu. Maneno hayakuguswa.

Kiolezo cha blogu hufanya kazi vivyo hivyo. Ukikibadilisha leo, makala zako mia moja zitavaa nguo mpya papo hapo. Kwa hivyo usikeshe ukitafuta kiolezo kisicho na dosari. Chukua kimojawapo cha vile vinavyotolewa na jukwaa lenyewe. WordPress hutoa kiolezo chake rasmi karibu kila mwaka, kuanzia Twenty Ten cha mwaka wa 2010 hadi vya miaka ya karibuni. Blogger ina Contempo, Soho, Emporio na Notable vilivyoongezwa mwaka wa 2017, pamoja na vile vya awali kama Simple. Jihadhari na violezo vya bure vinavyosambazwa na tovuti zisizojulikana. Baadhi hufichwa ndani yake viungo vya matangazo au programu hasidi.

Rununu kwanza

Usikipime kiolezo kwenye tarakilishi ulikoandikia. Kifungue kwenye simu ya bei nafuu, ukitumia bando wala si Wi-Fi, na ukiwezekana ukiwa nje penye jua. Hapo ndipo utakapokutana na msomaji wako. Jiulize: je, ukurasa umefunguka upesi? Je, herufi zasomeka bila kukuza kwa vidole? Je, safu ya pembeni imejipanga chini ya makala, au imeyabana maandishi yakawa na maneno mawili kwa mstari?

Kuhusu herufi, chagua aina moja ya matini na, ukipenda, nyingine ya vichwa. Zaidi ya hapo ni vurugu. Ukubwa usipungue pikseli 16, ambao ndio ukubwa wa kawaida wa vivinjari vingi. Kwenye skrini pana, mstari usizidi herufi 75 hivi, kwani jicho hupotea likitafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Wapiga chapa wa vitabu walilijua hilo kabla ya umeme.

Kuhusu rangi, kanuni za W3C zinataka utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 baina ya herufi za kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Nyeusi juu ya nyeupe hupata 21 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, mtindo unaopendwa na wasanifu wengi, mara nyingi hushindwa kufikia kiwango hicho. Msomaji mwenye umri mkubwa, au aliye juani, huona ukungu mtupu. Njano juu ya nyeupe au nyekundu juu ya nyeusi ni adhabu.

Picha nazo ndizo zinazomaliza bando. Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa yaweza kuwa na megabaiti nne. Ukiweka kumi za namna hiyo katika makala moja, utakuwa unamtaka msomaji atumie megabaiti 40 kukusoma mara moja. Zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 hivi, kila moja yaweza kushuka hadi kilobaiti 150, na zote kumi zikawa megabaiti moja na nusu. Baadhi ya majukwaa hupunguza picha yenyewe, lakini ni salama zaidi kuzipunguza kabla ya kuzipakia. Kadhalika, andika maelezo mafupi ya kila picha mahali palipotengwa, ili asiyeona, anayesomewa na programu, ajue kilichomo.

Kiswahili kwenye kiolezo

Violezo vingi vimebuniwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni blogu ya Kiswahili sanifu ambayo vitufe na majina ya miezi ni ya lugha nyingine. Tafuta kiolezo kinachokuruhusu kubadilisha maneno hayo yawe Mwanzo, Tafuta, Soma zaidi, Maoni, Makala ya awali. Katika mipangilio ya blogu, teua Kiswahili kuwa lugha ya ukurasa, ambacho alama yake ya kimataifa ni sw. Pasipo hivyo, kivinjari chaweza kukisia lugha kimakosa, na programu ya kuwasomea wasioona ikatamka maneno yako kwa lafudhi ya kigeni.

Mashairi yana tatizo lake, na hapa tumrejelee mwalimu wetu wa Voi. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kwa kawaida kila mshororo una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Gazetini, ukwapi na utao huchapishwa ubavu kwa ubavu bila shida. Lakini mshororo wa namna hiyo huchukua herufi 40 hivi pamoja na nafasi, na kwenye simu nyembamba huenda usienee. Neno la mwisho la utao litashuka mstari wa chini, vina vipotee, na ubeti wa mishororo minne uonekane kama wa minane isiyolingana.

Usilitatue jambo hili kwa jedwali wala kwa kubofya kitufe cha nafasi mara kumi, kwa sababu kwenye simu yote hayo huvurugika. Njia iliyo imara ni kuuweka ukwapi katika mstari wake na utao chini yake, kisha kuacha mstari mtupu baina ya beti. Au tenganisha vipande kwa koma na uchague ukubwa wa herufi unaouenea mshororo mzima, mradi usishuke ukawa mdogo mno. Kiolezo kinachopanga matini katikati ya ukurasa hakifai ushairi, maana vina vya kati havitaonekana vikishuka kwa wima. Bila shaka mshairi atakichagua kiolezo chake kwa kutazama ubeti mmoja, wala si kwa kutazama picha ya mfano iliyowekwa na msanifu.

Sheria zinazomhusu mwanablogu

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Kifungu hicho hicho hakilindi uchochezi wa ghasia, propaganda za vita wala matamshi ya chuki, na kinamtaka anayeutumia uhuru huo aheshimu haki na hadhi ya wengine. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kilichokuwa kikitumiwa kuwashtaki walioandika mitandaoni, na mwaka wa 2017 ikabatilisha kosa la jinai la kuchafulia mtu jina. Hilo halina maana kwamba umepewa ruhusa ya kutusi. Aliyechafuliwa jina bado anaweza kukushtaki kwa kesi ya madai na kudai fidia.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, iliyotiwa saini Mei 2018, iliweka faini ya hadi Sh5 milioni pamoja na vifungo kwa makosa ya kuchapisha habari za uongo kwa makusudi. Imepingwa mahakamani tangu mwaka huo, na ni busara kufuatilia maamuzi yake. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa majina, nambari za simu na picha za watu unazozikusanya. Usichapishe picha ya mtoto wa mwenyewe bila idhini ya mzazi.

Kwa wasomaji walio ng'ambo ya mpaka, kanuni za Tanzania za mwaka wa 2018 ziliwataka wanablogu kupata leseni kutoka mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na kulipa ada. Kanuni hizo zimefanyiwa marekebisho tangu hapo. Anayeandikia huko aulize kwanza.

Picha na mashairi ya wengine si mali ya umma kwa kuwa tu yameonekana mtandaoni. Tumia yako, omba ruhusa, au tafuta yaliyotolewa kwa leseni huru kama za Creative Commons, ukimtaja mwenye kazi.

Nakala na funguo

Weka siku moja ya kila mwezi kuwa siku ya kuchukua nakala. Blogger na WordPress zote zina sehemu katika mipangilio inayokuwezesha kupakua maandishi yako yote katika faili moja. Jihadhari kwamba faili ya WordPress hubeba maandishi na viungo vya picha tu. Picha zenyewe hazimo. Ziweke kando, katika folda iliyopangwa kwa mwaka na mwezi. Hifadhi nakala mahali pawili tofauti, kwa mfano kwenye tarakilishi na kwenye diski ya kubebeka iliyo nyumba nyingine.

Aidha, makala yenye uzito yaweza kuwasilishwa kwa Wayback Machine, hifadhi ya Internet Archive iliyofunguliwa kwa umma mwaka wa 2001. Yeyote anaweza kuiomba ihifadhi ukurasa ulio wazi.

Akaunti yenyewe ilindwe kwa neno la siri lisilotumika kwingine, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili. Baruapepe ya kurejeshea akaunti isiwe ya ofisini, kwa kuwa siku ukiacha kazi utaipoteza. Na jambo tusilopenda kulitaja: mwachie mtu unayemwamini maelezo ya namna ya kuifikia blogu na kuilipia anwani yake. Google ina mpangilio unaomwezesha mwenye akaunti kumteua mtu wa kukabidhiwa data zake asipoonekana kwa muda mrefu. Mashairi ya mzee mwenye blogu yasizikwe naye kwa sababu ya neno la siri.

Kabla ya kufungua mlango

Usiitangaze blogu ikiwa na makala moja ya kukaribisha wageni. Andika tano kwanza, uzichapishe, kisha ndipo uwaarifu jamaa na marafiki. Tengeneza ukurasa mmoja unaoeleza wewe ni nani na unaandika kuhusu nini, bila kuweka anwani ya nyumbani wala nambari ya kitambulisho. Chagua mada nne au tano za kupangia makala, wala si thelathini. Vichwa vya makala viseme kilichomo, kwa kuwa anayetafuta historia ya reli hataandika fumbo kwenye kisanduku cha kutafutia.

Baada ya hapo, mpe mtu mmoja asiyejua chochote kuhusu blogu yako simu mkononi, umwambie alitafute shairi fulani. Kaa kimya umtazame. Akilipata kwa mibofyo miwili au mitatu, kiolezo chako kinafaa. Akikwama, ondoa kitu badala ya kuongeza.

Rangi utazibadilisha. Kiolezo utakibadilisha, pengine kila baada ya miaka mitatu, na hakuna atakayekulaumu. Lakini msomaji aliyeweka kiungo cha shairi lako leo, akirudi miaka kumi ijayo, anastahili kulikuta pale pale alipoliacha. Hilo haliwezi kununuliwa kwa kiolezo chochote. Hutegemea anwani iliyo yako, nakala iliyo salama, na ukurasa unaofunguka hata kwenye simu ndogo ya mtu aliyebakiwa na bando la kubahatisha.